Mota ya sumaku tupu hukwama wapi?

Vijana wanaopenda ufundi huniuliza: sumaku mbili zinakataana kwa nguvu zote hizo, kwa nini nisizipange kwenye gurudumu lizunguke bila umeme? Swali ni zuri, na la zamani. Petrus Peregrinus wa Ufaransa alieleza gurudumu la namna hiyo mwaka 1269. Mwaka 1979 Mmarekani Howard Johnson alipewa hataza namba 4,151,431 ya mota ya sumaku za kudumu, na hati hiyo bado huonyeshwa kama ushahidi. Lakini hataza humlinda mwenye wazo asiibiwe; haithibitishi kwamba mashine inafanya kazi.

Kazi yangu ni kusuka mota, na mahali zinapokwama napajua. Ukipanga sumaku za stata (sehemu isiyozunguka) kwa mshazari, rota (sehemu inayozunguka) huvutwa kwa kasi, ikifika sehemu fulani inagoma. Mwenye nayo anabadili pembe, anaweka kipande cha chuma kukinga, anaongeza sumaku. Pa kugomea panahama tu. Nishati ambayo rota inapewa ikiingia kwenye uga (eneo la nguvu) wa sumaku iliyotulia, inadaiwa yote ikitoka. Ikirudi ilipoanzia haina faida, na msuguano wa beringi umeshakula sehemu ya nishati hiyo.

Pima mwenyewe. Zungushia uzi ukingo wa rota, ncha yake ifunge kwenye mizani ya springi, kisha sogeza rota digrii 10 kwa 10 mpaka mduara mzima. Inapotaka kukimbia izuie, andika kipimo kwa alama ya jumlisha. Inapogoma ivute, andika kipimo kwa alama ya kutoa. Ukijumlisha utapata sifuri au chini yake kidogo. Wengi hupima ile robo inayovuta vizuri tu, na hapo ndipo fedha zao zinapoanza kupotea. Jambo hili linaniuma, kwa sababu sumaku za neodimiamu, zile zenye nguvu sana, ni ghali.

Wapo wanaosema sumaku yenyewe ndiyo mafuta, itaisha polepole. Haya, tukubali: kipande cha sentimita 1 kila upande, daraja la nguvu la N42, hakibebi hata juli 1 kwenye uga wake. Juli 1 ni kunyanyua gramu 100 kwa mita moja. Betri ya simu ina makumi ya maelfu.

Mota ya kweli ya sumaku za kudumu, kama ile ya kwenye ringi la pikipiki ya umeme, inavuka pa kugomea kwa sababu mkondo kwenye koili (waya uliosukwa) hugeuzwa pale pale. Umeme ndio unaolipa.

Kama sumaku umeshanunua, tengeneza jenereta ya upepo ya muundo wa Hugh Piggott wa Uskoti: diski mbili za chuma zenye sumaku, katikati koili zilizomwagiwa rezini, gundi ya maji inayoganda ikawa ngumu. Unapozikutanisha diski, shusha ya juu taratibu kwa boliti ndefu tatu. Usithubutu kwa mikono, zinaponda vidole.