Rejeksi na nafasi tupu: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Rejeksi (regex) ni alama za kutafuta ruwaza ndani ya matini, na \s ni mojawapo. Wengi hudhani \s ni ile nafasi ya kibodi tu. Kwangu hii ndiyo dhana yenye hasara kubwa kuliko zote. Ukweli ni kwamba \s inakamata nafasi, Tab, na mstari mpya pia. Chukua orodha hii ya vituo vya daladala:

Mbagala Rangi Tatu
Kariakoo Gerezani
Tandika

Ukitafuta \s+ (+ ni moja au zaidi mfululizo) na kuweka mkato, unapata Mbagala,Rangi,Tatu,Kariakoo,Gerezani,Tandika. Vituo vitatu vimekuwa sita, na asiyeijua Dar hana namna ya kuvirudisha. Ulichohitaji ni \n+ peke yake (\n ni mstari mpya). Kama shida ni nafasi zilizorundikana ndani ya mstari, tafuta [ \t]+ (nafasi au Tab) uweke nafasi moja, mistari haitaguswa.

Dhana nyingine: mstari mpya ni \n kila mahali. Sivyo. Windows hufunga mstari kwa herufi mbili, \r\n, zenye namba 13 na 10 katika orodha ya herufi za kompyuta. Linux na Mac za leo hutumia \n pekee. Faili iliyochapwa kwenye steshenari ya Mwenge kwa Windows, ukiisoma kwenye Linux, mara nyingi \r inabaki mwishoni mwa kila mstari bila kuonekana. Unatafuta Tandika$ (Tandika iliyo mwishoni mwa mstari) na hupati kitu, ilhali Tandika unaiona kwa macho. Badilisha \r\n kuwa \n kabla ya kazi nyingine yoyote.

Na sed, amri ya Linux ya kubadilisha matini, ukiiandika sed 's/\n/ /g' haiunganishi mistari. Sed husoma mstari mmoja mmoja na kuivua \n kabla rejeksi yako haijaanza kazi. Tumia amri nyingine, tr '\n' ' '.

Wanafunzi wa Mlimani wanaonakili matini kutoka PDF huambiwa wachague: waunganishe mistari kwa mkono, au wapoteze aya zote. Hakuna haja. Tafuta (?<!\n)\n(?!\n), weka nafasi. Maana yake: \n isiyo na \n nyingine kabla wala baada yake. Mistari iliyokatika inaungana, na aya zilizotenganishwa kwa mstari mtupu zinabaki. Lugha ya programu ya Python na kihariri cha Notepad++ zinaielewa, sed haiielewi.

Ikiwa [ \t]+ imepita na bado kuna nafasi mbili pale pale, huenda mojawapo ni nafasi isiyokatika, U+00A0, ambayo hujaa kwenye matini ya wavuti. Kwenye Python itafute kwa \u00A0, igeuze iwe nafasi ya kawaida, kisha rudia [ \t]+.