Asilimia 70 ya mvua si ahadi

Kila masika lalamiko kwetu watabiri wa hali ya hewa ni lilelile: mlisema mvua, mbona jua limewaka? Uwezekano wa asilimia 70 maana yake ni kwamba katika kila siku 10 tulizozipa kiwango hicho, takribani 7 zitanyesha na 3 hazitanyesha. Siku moja kavu haithibitishi kosa. Siku zote za kiwango hicho zikinyesha msimu mzima, hapo ndipo tuulizwe, maana tulisitasita bila sababu.

Mkulima wa Hai au Arumeru anayejiamini kusoma mawingu naye anaweza kujipima. Weka kopo lenye pande zilizonyooka mahali pa wazi. Kama kuna mti wa mita 5, liweke angalau mita 10 kutoka hapo. Kila siku saa 3 asubuhi pima maji kwa rula, kisha yamwage. Milimita 1 au zaidi, andika 1. Pungufu ya hapo, andika 0. Papo hapo andika utabiri wako wa saa 24 zijazo, kwa wino, kwa kuwa mvua ikishanyesha kila mtu hudai aliijua.

Hesabu ya kujipima iliwekwa na mtaalamu wa hali ya hewa Glenn Brier mwaka 1950; alama ndogo ndiyo nzuri. Chukua utabiri wako (asilimia 70 ni 0.7), toa kilichotokea (1 au 0), jibu lizidishe kwa lenyewe. Ulisema 0.7 ikanyesha: 0.09. Haikunyesha: 0.49. Aliyeapa asilimia 100 na kukawa kukavu anapata 1, alama mbaya kuliko zote. Anayesema 50 kila siku anapata 0.25 bila hata kutazama juu. Tafuta wastani wa msimu mzima. Siku tano hazitoshi.

Kusema "hakuna mvua" kila siku ya Julai mjini Moshi kunaleta alama nzuri, lakini si ustadi. Kalenda ingesema hivyohivyo.

Na tafadhali, utabiri wa mkoa si wa shamba lako. Mvua ikinyesha Machame juu mlimani, huku Boma Ng'ombe chini ikabaki vumbi, hakuna aliyedanganya. Mlima Kilimanjaro ndivyo unavyogawa.

Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ya hali mbaya ya hewa hutaja mambo mawili: uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari. Wengi husoma la kwanza tu. Uwezekano mdogo wenye athari kubwa bado unakutaka utoe mifugo bondeni. Ngazi ni angalizo (njano), tahadhari (chungwa) na tahadhari kubwa (nyekundu). Kutoa tahadhari hizo ni kazi ya Mamlaka chini ya Sheria Namba 2 ya mwaka 2019. Ujumbe wa WhatsApp usiotaja chanzo, eneo na muda, usiusambaze.