Kushawishi umati na kumshawishi mtu mmoja: Wagiriki na Wachina wa kale

Watu wakijua kazi yangu ni maandiko ya kale lazima mmoja aniambie eti Wagiriki ndo waligundua kujenga hoja, Wachina wao walikuwa wa methali na kuinamia wakubwa tu. Si kweli. Na ukitaka kuona kwanini, usianze na hoja zenyewe, anza na nani alikuwa anaambiwa.

Athens unaongea na umati, mpinzani wako yupo palepale anakusikiliza, ukimaliza anakujibu, alafu watu wanapiga kura. Mwaka 427 KK raia walipitisha wanaume wote wa Mytilene wauawe sababu mji wao uliiasi Athens, kesho yake roho zikawasuta wakakaa tena. Cleon, mwanasiasa mkali, akasema msilegee. Mpinzani wake Diodotus akasimama akasema mimi sijaja kuomba huruma, naongelea faida yetu sisi, akashinda kwa kura chache sana. Ikatumwa meli ya pili kuifukuzia ya kwanza iliyobeba amri ya kuua, wapiga makasia wanakula unga wa shayiri uliokandwa na divai na mafuta huku mikono haiachi kasia, wakafika amri imeshasomwa ila damu haijamwagika.

Sasa njoo China, zama za falme zinazopigana, yaani China ilipokuwa imegawanyika falme kadhaa zinazogombana. Hamna kura. Kuna mfalme, au mama yake, na akichukia umekwisha.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha mzee Chu Long, mshauri wa ufalme wa Zhao, kama 265 KK. Ufalme wa Qin umeivamia Zhao, Zhao wakaomba msaada ufalme wa Qi, Qi wakasema sawa ila tuleteeni yule kitinda mimba wa mama malkia, mama wa mfalme wa Zhao, akae kwetu kama rehani. Mama akakataa katakata, akasema atakayelitaja tena namtemea mate usoni. Mzee akaingia anajikokota, akaomba radhi kwamba miguu inamsumbua, akamuuliza mama unakula kweli siku hizi? Nakunywa uji tu, mama akajibu, hasira zikaanza kushuka. Mzee akaomba mwanae wa mwisho, kijana wa miaka 15, apewe nafasi kwenye walinzi wa ikulu kabla yeye hajafa. Mama akacheka, kumbe na wanaume mnawadekeza watoto? Kuliko nyie, mzee akasema, ila naona wewe unampenda zaidi binti yako uliyemwoza ufalme wa Yan, maana siku anaondoka ulilia ukamshika kisigino, lakini kwenye sala ulikuwa unaomba asirudishwe, ulitaka wajukuu zako watawale kule, si ndio? Huyu wa kiume umempa ardhi na mali bila kuifanyia nchi chochote, siku ukiondoka duniani atasimama na nini?

Mama akasema basi, mpeleke unakotaka.

Angalia alichofanya: suala la rehani hakuligusa kabisa, alimwacha mama afike mwenyewe. Hiyo mbinu ingefia mbali mbele ya umati wa Athens, kwasababu umati hauna mtoto mmoja wala kisigino kimoja cha kukumbushwa.

Han Fei, mwanafalsafa wa zama hizohizo, aliandika sura nzima kuhusu ugumu huu, anasema tatizo si kukosa maarifa wala ulimi, ni kuujua moyo wa unayemwambia. Anatoa mfano wa tajiri wa nchi ya Song, ukuta wake ulibomoka na mvua, mwanae akamwambia tujenge wezi wataingia, jirani naye akasema hivyohivyo, usiku wezi wakaingia kweli. Mtoto akasifiwa ana akili, jirani akashukiwa wizi. Hoja ileile jamani! Na hata hivyo usifikiri wote walikuwa wa kunong'ona ikulu, wafuasi wa Mozi, mwanafalsafa mwingine wa China ya kale, walikuwa na vipimo vitatu vya kauli yoyote: wafalme wema wa zamani walifanyaje, watu wameona na kusikia nini, na ikitekelezwa italeta faida gani. Hapo hamna cha kuinamia mkubwa.

Alafu mgeuze Mgiriki umpe mfalme. Isocrates, mwalimu wa ufasaha wa Athens, mzee wa miaka kama 90 hivi, mwaka 346 KK anamwandikia Philip, mfalme wa Makedonia, awaunganishe Wagiriki wakapigane na Uajemi, na humohumo anasema kuhutubia mikusanyiko ni sawa na kutomhutubia mtu yeyote, ukitaka jambo lifanyike mtafute mmoja mwenye uwezo wa kusema na kutenda. Chu Long angemwelewa vizuri tu, ingawa nadhani angeanza kwa kuuliza Philip anakula nini siku hizi.