Jiwe la bezoari halikuwahi kuwa dawa ya kila sumu

Kwa karne nyingi Ulaya iliamini kwamba jiwe la bezoari linaondoa sumu ya kila aina, na hadi leo wapo wanaoirudia habari hiyo. Si kweli. Bezoari ni donge linaloota tumboni mwa wanyama wanaocheua, kama mbuzi wa Uajemi: nywele, nyuzi za majani na madini yaliyogandamana tabaka juu ya tabaka. Kwa kuwa lilikuwa adimu, matajiri walilivika dhahabu, na madaktari wakawapa unga wake wanywe.

Lilijaribiwa, tena kikatili mno. Mpishi wa Mfalme Charles IX wa Ufaransa alihukumiwa kunyongwa kwa kuiba sahani mbili za fedha. Akaahidiwa kuachiwa iwapo angemeza sumu, kisha bezoari, akapona. Mpasuaji Ambroise Paré alimkuta akitambaa kama mnyama, ulimi nje, damu ikimtoka puani na masikioni. Alikufa baada ya saa saba hivi, na alipopasuliwa, tumbo lilionekana limeungua.

Hata hivyo, mwaka 1685 Charles II wa Uingereza alipewa bezoari akiwa mahututi, naye akafa. Dawa ikishindwa, watetezi wake walidai jiwe lilikuwa bandia.