Mnazi aliyejificha: anza na nyumba yake, achana na bastola

Naandika riwaya za kusisimua za kihistoria, na hizi za Manazi, wafuasi wa Hitler, waliotoroka baada ya Vita vya Pili vya Dunia ndo eneo langu hasa. Miswada ninayoletewa na wanaoanza karibu yote ina jumba porini Amerika Kusini, walinzi, dhahabu na chama cha siri chenye mkono mrefu, yaani msomaji anajua kinachokuja kabla hajafika ukurasa wa pili.

Sasa mchukue Adolf Eichmann, ofisa wa Kinazi aliyepanga usafirishaji wa Wayahudi kwenda kuuawa. Mwaka 1950 alipanda meli Genoa, Italia, na hati ya kusafiria ya Msalaba Mwekundu, jina Ricardo Klement. Hati zile zilikuwa za wakimbizi waliopoteza makaratasi, ukishakuwa na mtu wa kanisa wa kukudhamini umemaliza. Akafika Buenos Aires, Argentina, baadaye akapata kazi kiwanda cha Mercedes-Benz, jioni anarudi na basi kama wafanyakazi wengine. Yeye kabadili jina lakini watoto walipomfuata 1952 wakaendelea kuitwa Eichmann! Hapo ndo pa kuchimba. Mkubwa wao, Klaus, akawa anatoka na binti anaitwa Sylvia Hermann, akatamba kwao kwamba Wajerumani wangewamaliza tu Wayahudi, hajui kwamba baba wa binti, Lothar, ambaye macho yalishapotea, ana damu ya Kiyahudi na aliwahi kufungwa Dachau, kambi ya Manazi. Mzee akamshuku baba yake Klaus kuwa ndiye Eichmann, akamwandikia Fritz Bauer, mwendesha mashtaka wa jimbo la Hesse, Ujerumani. Sylvia naye akaenda hadi nyumbani kwao akapiga hodi, akatoka mwanaume akajitambulisha kuwa ami yake Klaus, halafu Klaus aliporudi akamwita "baba".

Tukio hilo halihitaji silaha hata moja. Binti kaelewa, na bado inabidi aage kwa adabu na atoke bila uso kubadilika.

Mossad, majasusi wa Israeli, walipotuma mtu mwanzoni mwa 1958 kuiangalia nyumba ile, jibu likawa ni duni mno, mkubwa kama yule hawezi kuishi pale. Nao walikuwa wanatafuta jumba! Ikapita miaka zaidi ya miwili ndo akakamatwa, 11 Mei 1960, akitokea kwenye basi karibu na kwake mtaa wa Garibaldi. Akahukumiwa Jerusalem, akanyongwa 1962.

Anayenisumbua ni Josef Mengele, daktari wa Kinazi aliyewafanyia majaribio wafungwa wa kambi ya Auschwitz. Mwaka 1956 alijiona salama mpaka akarudia jina lake halisi hukohuko Buenos Aires, kisha akakimbilia Paraguay na Brazili, akafa 1979 akiogelea baharini Bertioga na kuzikwa kwa jina la mtu mwingine. Watu wananishauri kwenye riwaya nimfikishe mahakamani ili wasomaji waridhike. Sitaki. Waliopona Auschwitz waliisubiri hiyo kesi miaka yote, na wengine walikuwa hai mifupa yake inafukuliwa 1985, kwahiyo kwenye kitabu changu atakufa hivyohivyo majini, na sura za mwisho nawapa wao.