Sakafu ya Mteremko Iliyozaa Soul ya Memphis

Anayesikiliza kwa makini santuri za soul, mtindo wa muziki wa Wamarekani Weusi, zilizorekodiwa na kampuni ya Stax mjini Memphis, katika jimbo la Tennessee nchini Marekani, husikia chumba pamoja na mwimbaji. Chumba hicho kilikuwa jumba la sinema lililokwisha kufungwa, Capitol, katika barabara ya McLemore, ambalo waanzilishi wa Stax, Jim Stewart na dada yake Estelle Axton, walilikodi mwaka 1960. Waling'oa viti na kutundika mapazia mazito, lakini kuisawazisha sakafu kungegharimu fedha nyingi mno, kwa hiyo ilibaki ikiteremka kuelekea jukwaani kama ilivyokuwa enzi za watazamaji. Kwa kuwa sakafu na dari hazikuwa sambamba, sauti ilirejea ikiwa nzito na yenye kina, na tarumbeta zikasikika kana kwamba msikilizaji amesimama mbele yake.

Historia nyingi humtaja Stewart kwanza. Kwa maoni yangu, Estelle anastahili nafasi kubwa zaidi. Ndiye aliyeiweka nyumba yake rehani ili mashine ya kurekodia ipatikane, na ndiye aliyeigeuza sehemu ya mbele ya jumba, palipokuwa pakiuzwa bisi na peremende, kuwa duka la santuri. Vijana wa mtaa walishinda hapo wakisikiliza nyimbo, naye akitazama ni ipi inayowachezesha, na kwa njia hiyo studio iliyokuwa nyuma ya ukuta ilipata majibu kabla wimbo haujatoka. Mmoja wa vijana hao alikuwa Booker T. Jones, ambaye mwaka 1962, akiwa bado kijana wa shule, alipiga kinanda katika wimbo "Green Onions".

Kundi lake, Booker T. & the M.G.'s, lilikuja kuwa na Weusi wawili na Wazungu wawili, katika mji ambao ubaguzi ulikuwa umewatenganisha watu mashuleni na mezani. Al Jackson alipiga ngoma, na Steve Cropper gitaa. Mwaka 1965 wawili hao walizoea kulichelewesha kidogo mno pigo la pili na la nne katika kila mapigo manne, ucheleweshaji ambao sikio halikosi kuuhisi, na ambao hadi leo ndio alama ya mdundo wa Memphis.

Mwaka 1962 mwimbaji Otis Redding alifika Stax kama dereva wa mpiga gitaa Johnny Jenkins. Kazi ya siku hiyo ilipoelekea kwisha alipewa dakika chache zilizobaki, akaimba "These Arms of Mine". Miaka mitano baadaye, tarehe 10 Desemba 1967, ndege iliyombeba ilianguka katika ziwa Monona huko Wisconsin, akafariki pamoja na wanamuziki wengi wa kundi la Bar-Kays.

Msiba huo ulifuatwa na mwingine wa kisheria. Katika mkataba wa usambazaji aliotia saini na kampuni ya Atlantic mwaka 1965, Stewart hakugundua kifungu kilichoipa Atlantic umiliki wa kanda kuu, yaani rekodi za asili, za nyimbo ilizozisambaza. Atlantic ilipouzwa, Stax ilibaini mwaka 1968 kwamba sauti iliyozaliwa kwenye sakafu yake ilikuwa mali ya mwingine. Aprili mwaka huohuo Martin Luther King aliuawa katika hoteli ya Lorraine, mojawapo ya sehemu chache mjini humo ambapo wanamuziki Weusi na Wazungu wa Stax waliweza kukaa pamoja, na ambapo Cropper na mwimbaji Eddie Floyd walitunga "Knock on Wood".

Al Bell, mmoja wa viongozi wa Stax, aliijenga upya kampuni kwa kutoa karibu albamu 30 kwa mpigo mwaka 1969, na ya mwimbaji Isaac Hayes ikavuma kuliko zote. Hata hivyo, madeni yaliifilisi Stax mwaka 1975. Jumba lilibomolewa mwaka 1989. Makumbusho yaliyofunguliwa mahali palepale mwaka 2003 yaliiunda studio upya kwa vipimo vya ile ya kwanza, na mafundi walihakikisha kwamba sakafu inateremka.