Lugha Mama ya Kihindi-Kiulaya ni nini, na imejulikanaje?

Ni lugha inayohesabiwa kuwa chimbuko la lugha nyingi za Ulaya, Iran na India, na hakuna aliyewahi kuiona imeandikwa. Wengi huikadiria kuwa ilizungumzwa yapata miaka 6,000 iliyopita, pengine kwenye nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi, na wazungumzaji wake hawakuacha hata mstari mmoja. Bado wanaisimu wameitungia kamusi. Kila neno humo hutanguliwa na kinyota, alama ya kwamba neno hilo halijapatikana popote bali limefikiwa kwa hoja.

Hoja yenyewe ilipata umaarufu Kolkata, India, mwaka 1786. William Jones, jaji Mwingereza aliyejifunza Kisanskriti, lugha ya kale ya India, alitamka hadharani kwamba lugha hiyo, Kigiriki na Kilatini zinafanana mno, hivi kwamba lazima zina chimbuko moja, ambalo huenda limekwisha kutoweka.

Lakini kufanana tu hakutoshi. Kiswahili kimejaa maneno ya Kiarabu na ni Kibantu vilevile. Kinachotafutwa ni sauti zinazopishana kwa utaratibu. Baba ni *pater* kwa Kilatini na *fadar* kwa Kigothi, lugha ya kale ya jamii ya Kijerumani. Samaki ni *piscis* na *fisks*. Wayo, *ped-* na *fotus*. Penye p ya Kilatini pana f ya Kigothi, neno baada ya neno, na ukopaji hauendi kwa nidhamu ya namna hiyo. Kisanskriti na Kigiriki nazo zina p, kwa hiyo p ndiyo inayohesabiwa kuwa ya asili. Mwanaisimu Mdenmaki Rasmus Rask aliyaona haya mwaka 1818, Mjerumani Jacob Grimm akayapangia kanuni mwaka 1822. Mjerumani mwingine, Carl Meinhof, alitumia njia iyo hiyo kwa lugha za Kibantu mwaka 1899.

Anayedhani huu ni ubashiri wa mezani namwelekeza kwa Ferdinand de Saussure, mwanaisimu wa Uswisi. Akiwa na miaka 21 tu, alidai kwamba lugha mama ilikuwa na sauti fulani zilizopotea katika lugha zote zilizojulikana wakati huo, zikaacha athari kwenye irabu tu. Wengi hawakumjali. Kuanzia 1906 wachimbaji wa mambo ya kale wakafukua maelfu ya vigae vya udongo vyenye maandishi huko Hattusa, mji mkuu wa kale wa Wahiti katika Uturuki ya leo, na mwaka 1915 mwanaisimu Mcheki Bedřich Hrozný akaonyesha kuwa lugha ya maandishi hayo, Kihiti, ni ya ukoo huu. Saussure alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Mwaka 1927 mwanaisimu wa Poland Jerzy Kuryłowicz akabaini kuwa Kihiti kina sauti iandikwayo ḫ palepale Saussure alipodai pamepotea kitu: Kilatini kinasema *ante*, "mbele", Kihiti kina *ḫant-*.

Leo wengi huhesabu sauti hizo kuwa tatu. Huandikwa h₁, h₂ na h₃, kwa namba, maana zilitamkwaje hasa bado ni ubishi.